Pembe ya Kijumba cha Kumi na Nne

Pembe ililia alasiri, mvua ikiwa imeshauficha mlima wote, na kabla hajainua macho kutazama kioo Nakiete Mrutu alijua kwamba watu watakubali.

Alikuwa peke yake katika chumba cha kuongozea cha kituo cha Ikongwe, miguu ameikunja kitini, kanga mbili mabegani kwa baridi. Kioo kilifunika ukuta mzima. Juu yake njia ya zege ilijipinda kutoka tambarare mpaka hospitali ya Mang'ata kule juu, na juu ya njia hiyo zilitambaa taa ndogo nane. Kila taa ilikuwa kijumba kimoja cha kubeba watu wasiozidi sita. Hapakuwa na dereva. Kazi ya Nakiete ilikuwa kutazama tu, na kutazama alikujua. Dakika chache nyuma alikuwa ameviangalia vijumba viwili vilivyopanda vimeshikana tangu tambarare vikiachana penye njia panda, kimoja kikielekea soko la Ndolwa, kingine kikiendelea kupanda, bila kusimama na bila mtu kushuka na mzigo wake kutafuta gari jingine. Hata baada ya mwaka mzima bado aliona raha kuvitazama vikiagana namna ile.

Sasa taa moja ilikuwa inapepesa. Kijumba cha kumi na nne.

Pembe ikalia tena, ndefu, ikikwaruza mwishoni. Ndani ya vijumba vyote saba vilivyobaki sauti ya mfumo ilikuwa inasema maneno ambayo Nakiete aliyajua kwa moyo: "Kijumba cha kumi na nne kina mgonjwa. Hakina nguvu ya kumfikisha. Je, mtakichangia?"

Umeme wa nguzo ulikuwa umekatika tangu mchana. Umeme ukikatika, vijumba hutembea kwa betri zao vyenyewe, na betri ya kumi na nne ilikuwa ya zamani. Lakini katikati ya njia ulipita ukanda wa shaba, na kijumba chenye nguvu kiliweza kumwaga ukandani, chenye kiu kikanywa. Ndiyo maana serikali iliuleta mfumo huu milimani. Zamani mgonjwa wa Mang'ata alibebwa kwa machela na wanaume wanane wakipokezana, na wengine walifikishwa wakiwa wameshafunikwa uso.

Taa ya kwanza ikawa kijani. Ya pili. Ya tatu na ya nne zikawaka pamoja.

"Haya, jamani," Nakiete alijisemea. "Basi, zinatosha."

Ya tano. Ya sita.

Waliobuni mfumo walikuwa wamekadiria kwamba kati ya vijumba vitatu kimoja ndicho kitakachokubali. Mjini, walikofanyia majaribio, ilikuwa hivyo hasa. Na huku juu mwanzoni ilikuwa mbaya zaidi, maana mlio wa kwanza uliowekwa ulifanana na wa simu, watu wakadhani ni matangazo ya vocha, wakaendelea na mazungumzo yao. Ni Nakiete aliyesimama kwenye mkutano wa abiria akasema, wekeni pembe. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mzee Sempombe na kinasa sauti, akamwomba apulize ule wito wa msaragambo, wa kuwaita watu kwenye kazi ya wote. Pembe ile ikilia Upareni hakuna anayejiuliza kama ana nafasi. Mwenye jembe anatoka na jembe, mgonjwa anatoka na kifagio, mtoto anatoka na ndoo ya maji ya kunywa. Asiyetoka atasemwa mpaka wajukuu wake waoe.

Tangu siku hiyo hakuna kijumba kilichokataa. Nakiete alipigiwa makofi, akapewa na cheti.

Taa ya saba ikawaka kijani. Kijumba cha tisa. Ndani yake walikuwa wanafunzi wanne wa shule ya msingi, wakirudi nyumbani Kwa Semvua.

Kila kijumba kilimwaga mpaka kikabakiwa na akiba ya mwisho, ya taa, simu na kushika breki. Nusu ya walichomwaga ililiwa na maji ya mvua njiani. Na kwa kuwa kila kimoja kilikuwa kimekubali, kila kimoja kilisimama. Kilichobaki kikitembea kwenye mlima mzima kilikuwa kimoja tu, cha kumi na nne, kikipanda taratibu kama mtu aliyebeba gunia.

Kijumba cha tisa kilisimama katikati ya daraja la Kwa Mchome.

Nakiete alishusha miguu chini. Mfumo ulikuwa na kanuni ya kutomwacha mtu darajani. Kijumba jirani kilipaswa kuja kumvuta. Jirani naye alikuwa ameshatoa.

Juu ya daraja hilo uliinama ukuta wa udongo mwekundu, na ndani ya udongo walikuwa wamechimbia vigingi vya kusikilizia mlima. Tangu asubuhi vigingi vilikuwa vinaonyesha manjano. Mbele ya macho yake, bila mlio wowote, vikageuka vyekundu.

*

"Una kijani ngapi?" aliuliza mhandisi Kallaghe, sauti yake ikikatikakatika kutoka Same mjini.

"Zote, mhandisi."

"Zote kivipi?"

"Zote saba. Wamesimama wote. Cha tisa kiko darajani, na vigingi vimekuwa vyekundu."

Alisikia kiti kikisukumwa, kisha mlango. Kallaghe alikuwa mtu wa Gonja, mpole, mwenye tabia ya kucheka mwenyewe kabla hajamaliza kuchekesha. Leo hakucheka.

"Hatukulifikiria hilo," alisema. "Wachache kukubali, tulilifikiria. Asikubali hata mmoja, tulilifikiria. Wote kukubali... Barabara ya huku imejaa maji, Nakiete. Hata nikitoka sasa nitafika usiku. Tuongee tu. Mzee yeyote hawezi kutoka kijumba cha chini akawafuata kwa miguu?"

"Mzee Semboja, aliye humo, ameshaniuliza hivyo. Daraja halina pa kukanyaga ila ukandani, na ukanda una moto wa umeme. Nikiukata apite, breki za vyote zinajifunga, cha kumi na nne nacho kinasimama."

"Na milango ya watoto?"

"Milango haifunguki darajani. Ndivyo mlivyoweka. Na ikifunguka watatoka waende wapi? Chini ni korongo. Mhandisi, naomba ruhusa. Niwarudishie watoto nguvu yao wavuke. Ni ile iliyobaki ndani ya cha kumi na nne. Wengine wote wameisha."

"Ya kuvuka daraja tu?"

"Mpaka kituo cha Kwa Semvua. Nimepiga hesabu mara mbili."

"Na cha kumi na nne kitabakiwa na nini?"

"Taa."

Kallaghe alipumua kwenye simu. "Ruhusa siwezi kukupa, maana sina. Kilichotolewa kinaombwa na aliyekitoa. Ndivyo tulivyokubaliana na wananchi, na wewe ulikuwepo, ulikaa safu ya mbele. Unataka siku moja mtu akae ofisini huku mjini aamue nani apewe na nani anyang'anywe?"

"Ni watoto. Mkubwa wao ana miaka kumi na moja."

"Mfumo hauulizi umri."

"Kwa nini hauulizi?"

Mvua iligonga bati juu yake.

"Mimi ndiye niliyeliacha swali hilo," alisema Kallaghe. "Niliona haya. Ningewaambiaje watu wa huko kwamba pembe ikilia watoto wao hawahesabiwi? Wangenifukuza mkutanoni." Akakohoa. "Sikiliza. Ule ufunguo wa mkono, wa kuhamisha nguvu bila kuombwa, unao hapo. Umewekwa kwa ajili ya ajali ya moto. Siwezi kukwambia uugeuze, na siwezi kukwambia usiuguse. Ukiugeuza, jina litakaloandikwa ni lako, na sitaweza kulifuta. Hilo ndilo ninaloweza kukwambia."

Ufunguo ulikuwa chini ya kioo, ndani ya kisanduku chenye mlango wa kioo chembamba. Nakiete alikuwa akiufuta vumbi kila Jumatatu.

Vigingi vile vilikuwa vimewahi kuonyesha nyekundu tangu masika yaanze. Mara mbili mlima ulitulia, watu wakavicheka, wakaviita vigingi vya woga. Mara ya tatu ulishuka ukafukia migomba ya kina Kiangi pamoja na mbuzi waliokuwa wamefungwa pale, na mpaka leo hawajafukuliwa.

Alibonyeza simu ya kijumba cha tisa.

"Watoto, mnanisikia?"

"Tunakusikia, dada." Ilikuwa sauti ya msichana, imara, sauti ya kiranja. "Mimi Nangasu. Niko na Kanaeli na Naetwe na Elirehema. Elirehema alilia lakini ameshanyamaza."

"Sikulia!"

"Ulilia, makamasi hayo hapo."

"Nangasu," alisema Nakiete, "nje mnaona nini?"

"Ukungu. Na maji yanapita chini yetu, rangi kama chai ya maziwa. Na juu ya paa kuna vitu vinaanguka, vidogo vidogo, kama mtu anamwaga mahindi."

"Vimeanza lini?"

"Sasa hivi. Dada, yule mgonjwa ameshafika?"

"Bado."

"Tulikubali haraka," alisema Nangasu, na Nakiete alisikia jinsi anavyojisifu kidogo. "Kanaeli alitaka kubonyeza yeye, nikamwambia kiranja ni mimi."

"Mmefanya vizuri. Nangasu, nguvu mliyotoa mnaweza kuiomba. Kuna kitufe cha manjano, chini ya kile cha kijani. Unakiona?"

"Nakiona."

"Mkikibonyeza, itarudi, na kijumba kitavuka."

Mnong'ono, kisha sauti ya mvulana: "Bonyeza bwana, tuondoke!"

"Wewe nyamaza. Unataka tusemwe?" Nangasu akarudi kwenye simu. "Dada, tukiiomba, yule mgonjwa si atabaki njiani?"

"Atabaki njiani."

"Babu anasema ukishakwenda msaragambo hurudi nyumbani kazi haijaisha." Akasita. "Lakini wewe ukiniambia nibonyeze, nitabonyeza."

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa neno dogo, na mtoto angelitii. Nakiete alimwona Nangasu miaka mingi mbele, amesimama bombani na ndoo yake, na wanawake wakiteta nyuma yake: ni yule. Ni yule aliyeomba irudi.

"Msibonyeze kitu," alisema. "Kaeni chini katikati, mshikane. Nangasu, toa kidole kwenye kile kitufe. Umekitoa?"

"Nimekitoa."

"Usikiguse tena, hata mtu akikwambia. Hata mimi."

*

Kwenye kijumba cha kumi na nne simu ilipokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Tuko wapi?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima. "Huku ukungu mtupu, sioni hata kona."

"Mmebakiza kona nne, mama. Naongea na nani?"

"Namkunda. Huyu ni mkamwana wangu, Nambike. Mimba ya kwanza. Mtoto ametanguliza mguu, unanielewa? Ametanguliza mguu, na mguu wenyewe umeanza kuwa wa bluu. Nimezalisha wanawake, lakini hili si la mikono yangu. Hili ni la kisu." Nyuma yake mtu alitoa sauti, haikuwa kilio, ilikuwa kama mtu anayenyanyua kitu kizito peke yake. "Vumilia, mama, vumilia, kona nne tu."

Nakiete alishika ukingo wa meza. "Mama Namkunda, nitakwambia jambo, na naomba unisikilize mpaka mwisho. Kuna watoto wanne wamesimama darajani Kwa Mchome. Walikuchangieni. Mlima uliopo juu yao vigingi vimesema unashuka. Nguvu ya kuwavusha ni hiyo mnayotembelea ninyi."

"Unasemaje?"

"Nasema nguvu ni hiyo moja."

Alisikia magurudumu ya kijumba yakisaga zege lenye maji.

"Umesema vigingi vimesema," alisema bibi Namkunda polepole. "Mlima umeshuka?"

"Haujashuka."

"Basi haujashuka. Huyu wangu anashuka sasa hivi, mguu wake nimeushika mkononi. Usiguse kitu, mwanangu. Nakuomba kwa maziwa uliyonyonya. Tufikishe kwanza, halafu uwatazame hao. Kona nne!"

"Mama..."

"Una mtoto, wewe?"

"Sina."

"Basi usiguse!"

Kwenye kioo taa ya kumi na nne ilikuwa inaimaliza kona ya kwanza kati ya zile nne. Kwenye kona ya kioo, vigingi vilikuwa vyekundu bila kupepesa. Nakiete aliwahi kudhani kwamba siku ya jambo kama hili kutakuwa na kelele, watu wengi, mtu wa kumwuliza. Kulikuwa na mvua tu, na chupa yake ya chai, na zile taa. Akajaribu kuwapima: wanne na wawili. Akaona aibu kwa kupima. Akajaribu kusubiri, kwa sababu kusubiri ndiko alikokuwa hodari, na akagundua kwamba safari hii kusubiri nako kulikuwa kuchagua, ila kwa kujificha.

Wale watoto hawakukubali. Hilo ndilo lililomjia, wazi kabisa. Wazee wa vijumba vingine walijua wanachotoa. Watoto waliitikia pembe tu, kama wanavyoitikia wakiitwa kula. Na pembe aliiweka yeye.

Alivuta kinasa sauti cha vipaza sauti vya Mang'ata, vile vya kutangazia safari pale mbele ya hospitali, akaipiga pembe. Safari hii hakuiachia mashine iseme.

"Watu wa Mang'ata! Naitwa Nakiete, niko Ikongwe. Leteni machela. Kijumba kitasimama kona ya tatu chini yenu, kina mama anayejifungua, mtoto ametanguliza mguu. Anayenisikia atoke. Aliye na koti atoke nalo. Njooni kwa miguu yenu!"

Akavunja kioo cha kisanduku kwa kiwiko. Akaugeuza ufunguo.

Taa ya kumi na nne ikasimama. Simu ya kijumba hicho ilikuwa bado wazi, na alimsikia bibi Namkunda akisema, kwa sauti ndogo sana, kama anayemsemesha mtu aliyelala, "Tumesimama. Nambike, tumesimama." Kisha hakusema tena na Nakiete. Hakumtukana. Nakiete angependelea atukanwe.

Dakika nzima taa ya tisa haikutikisika. Maji ya ukandani yalikuwa yanakula nguvu nyingi kuliko iliyofika. Kisha ikasogea. Ikasimama. Ikasogea tena, upana wa ukucha, upana wa kidole.

"Dada!" Nangasu alikuwa anapiga kelele. "Dada, tunatembea! Sikubonyeza, naapa, sikugusa kitu!"

"Najua," alisema Nakiete. "Ni mimi."

*

Mtoto alikuwa wa kiume. Machela ilimkuta ameshazaliwa nusu. Wanaume wa Mang'ata waliitikia pembe wote, wengine peku, mmoja na povu la sabuni kichwani, wakambeba Nambike kona tatu wakimfunika kwa makoti yao, na daktari alikuwa amenawa mikono anasubiri. Mama alipona. Mtoto hakuvuta pumzi.

Muuguzi alisema huenda hata kijumba kingefika isingesaidia. Alisema pia huenda ingesaidia. Alisema yote mawili kwa sauti ileile, kwa kuwa alikuwa mkweli.

Asubuhi, mvua ikiwa imekatika, Nakiete alipanda kwa miguu kutoka Ikongwe. Alimkuta bibi Namkunda amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, amejifunga kitenge kifuani, anatazama ng'ambo ya bonde. Hakuwa amemwona hata siku moja, lakini hakuhitaji kuonyeshwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti yako naijua."

Nakiete alisimama. Alikuwa ametafuta maneno njia nzima, na sasa aliona yote ni ya kujisafisha, akayaacha.

"Kaa," alisema bibi Namkunda. "Utachoka."

Akakaa, mwisho wa benchi. Ng'ambo, juu ya daraja la Kwa Mchome, ukuta wa udongo ulikuwa umeoshwa na jua, mwekundu, mzima, na vichaka vyake vyote juu.

"Mlima uko pale pale," alisema bibi Namkunda.

"Ndiyo, mama."

"Nimeutazama tangu alfajiri. Nilisema labda umeshuka kidogo upande usioonekana. Nimemtuma mtu akatazame. Haukushuka hata kwa upana wa jamvi."

"Ndiyo."

"Wale watoto ni wa kwenu?"

"Hapana. Hata majina yao nimeyajulia jana."

Mwanamke yule aligeuza uso kwa mara ya kwanza akamtazama, kwa muda mrefu, kama anayetafuta kitu kilichopotea kwenye uso wa mwenzake.

"Ningejua mmoja wao ni wako," alisema, "ningekuchukia vizuri."

*

Nakiete aliondolewa kwenye kiti cha kuongozea mpaka uchunguzi uishe. Mikutano ilifanyika. Wengine walitaka pembe iondolewe urudishwe ule mlio wa simu. Mzee Sempombe akawauliza kama wanataka na machela zirudi. Wengine walisema msichana yule wa Ikongwe apewe cheti kingine, wengine afungwe. Kallaghe alipanda mwenyewe kutoka Same, akasimama mbele ya watu na viatu vyenye tope, akasema kosa la kutouliza umri ni lake. Mwisho walikubaliana jambo moja tu: pembe ibaki, lakini mashine imwulize kila mtu kwa zamu, kitini kwake, mkubwa kwa mdogo, na ajibu kwa mdomo wake. Mmoja akisema hapana, kijumba hicho hakitoi, na ulizo linaishia hapo.

Wiki zikapita na hakuna aliyesema hapana. Waliulizwa kwa zamu, wakaitikia kwa zamu.

Siku moja ya mawingu Nakiete alipanda kijumba cha kushuka Ndolwa kununua unga. Kiti cha mbele alikaa mfanyabiashara wa tangawizi, gunia lake katikati ya miguu. Nyuma yake bibi Namkunda, na kapu lenye chupa ya uji uliobaki wodini mapajani. Nambike alikuwa bado amelala wodini, mwili unakataa kupata nguvu. Bibi huyo na Nakiete walisalimiana kwa kichwa. Kituo cha Kwa Semvua akaingia msichana wa shule mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, akakaa kiti cha tatu. Alipogeuka akamwona Nakiete, akashtuka, kisha akamwona mama aliyekaa mbele yake, akainamisha kichwa. Mlima mzima ulimjua bibi Namkunda ni nani, na mlima mzima ulimjua Nangasu.

Walikuwa hawajafika darajani pembe ilipolia.

"Kijumba cha tatu kina mgonjwa. Hakina nguvu ya kumfikisha. Kiti cha kwanza, utachangia?"

"Nachangia," alisema mtu wa tangawizi, bila kuacha kufunga gunia.

"Kiti cha pili?"

"Nachangia," alisema bibi Namkunda.

"Kiti cha tatu, utachangia?"

Nangasu alitazama nje. Dirishani daraja lilikuwa limeanza kutokeza kwenye ukungu, na juu yake ule wekundu. Mikono yake ilikuwa imeukamata mkanda wa begi.

"Kiti cha tatu, utachangia?"

Msichana alimtazama bibi Namkunda. Alimtazama yeye, hakumtazama Nakiete.

"Usinitazame mimi," alisema bibi Namkunda. "Umeulizwa wewe."

"Bibi, naogopa kusimama pale."

"Basi sema."

"Watanisema."

"Nani? Huyu wa tangawizi?" Bibi Namkunda aligeuka kumtazama yule mtu, na yule mtu akakuta kuna jambo la kushughulikia kwenye fundo la gunia. "Watakusema mimi nimekaa hapa?"

Mtoto aliuachia mkanda wa begi.

"Hapana," alisema Nangasu.

Juu ya mlango ikawaka taa nyekundu, ya kwanza kuonekana tangu pembe iwekwe. Nakiete hakuulizwa. Kiti chake kilikuwa cha nne, na alitambua kwamba hakujua angejibu nini.

Kwenye kioo kidogo kilichokuwa karibu na taa ile vilionekana vijumba vingine. Kimoja kikawa kijani. Kisha hakuna kitu, muda mrefu, mpaka mtu wa tangawizi akasema chinichini, "Jamani." Kisha cha pili. Vingine vilibaki vyeusi, havijasema. Kisha taa ya kijumba cha tatu, kule juu, ikaanza kusogea.

Chao kiliingia darajani hakijapunguza mwendo. Bibi Namkunda alipeleka mkono nyuma bila kugeuka, na Nangasu akaushika. Kwa mkono wa pili bibi alikuwa ameifunika chupa ya uji isimwagike. Uso wake aliuelekeza juu, kwenye udongo ule, akautazama mlima mpaka walipovuka.

Ulikuwa pale pale.